Fundi Aliyezivalisha Betri Masweta

Abdulatif wa Lyamkena, pale Makambako, hakuwahi kusema "betri hii". Alisema "betri huyu". Huyu kachoka. Huyu ana kiu. Huyu wamemtesa wenye lori, mwacheni apumzike. Ukimpelekea betri iliyokufa kabisa alivua kofia kwanza, akaigeuza betri, akainusa, kisha akakutazama wewe mwenye mali kama daktari anayetaka kujua mgonjwa alikuwa analishwa nini huko nyumbani.

Makambako hakuzaliwa. Alitoka Kondoa akiwa utingo wa lori lililokuwa linapeleka chumvi Songea, na lori likafia njia panda. Dereva akamwambia, "Latifu, linda gari. Nakwenda Mbeya kutafuta kipuri, kesho kutwa nipo." Huo ulikuwa mwaka 1988. Mpaka leo ninapoandika haya, dereva hajarudi na kipuri. Abdulatif alilinda lori miezi saba. Wezi wakachukua magurudumu, wakachukua vioo, wakachukua hata kiti cha dereva, lakini betri waliikosa kwa sababu alikuwa anaifanya mto. Tajiri mwenyewe alipokuja kufuata mali yake alikuta chasisi, utingo na betri. Akasema, "Chasisi nitaiuza chuma chakavu. Wewe na betri yako, Mungu awajalie."

Mungu akawajalia. Asubuhi za kwetu ni za baridi, magari hugoma kuwaka, na Abdulatif alikuwa mtu pekee stendi nzima mwenye betri isiyogoma. Akawa anaazimisha moto. Baadaye akapata mashine ya kuchajia, akapata banda, akapata na mke, Tausi, aliyekuwa akiuza chai pale pale. Banda langu la redio na pasi liko ubavuni mwa lake, ndiyo maana nayajua haya yote bila kuulizwa. Aliniita Msomi. Nilisomea umeme chuoni miaka miwili. Kozi ni ya miaka mitatu, lakini mimi na mwaka wa tatu hatukupata kufahamiana.

Basi nchi ilipofungulia soko bidhaa za nje, kila kilichochakaa Ulaya kikapata ruhusa ya kuja kustaafu kwetu. Zilianza suruali, zikafuata friji, na kufika mwaka 1996 zikaja kompyuta. Mwanzoni zilikaa maofisini, zimefunikwa kama maiti ya mtu mashuhuri. Halafu zikaingia majumbani: kwa walimu, kwa wastaafu, kwa wenye maduka. Na kwa kuwa umeme ulikuwa mgeni anayeondoka bila kuaga, kila kompyuta ilikuja na UPS yake. UPS ni kile kisanduku cheusi kizito kinachokaa kati ya ukuta na kompyuta. Ndani mna betri ndogo ya ukubwa wa nusu tofali. Umeme ukikatika, kisanduku kinalia pii, pii, pii, kinakushikia kompyuta dakika kumi hivi ili uhifadhi kazi yako na kuizima kistaarabu.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, betri inazeeka, na kisanduku hakishiki tena. Watu walidhani chote kimekufa. Njombe nimeona UPS ikizuia mlango wa banda la kuku. Ni Abdulatif aliyefungua ya kwanza kwa bisibisi, akachungulia, akapiga kelele iliyotoa watu mgahawani.

"Kumbe ni betri! Jamani, wamemfungia gizani, hata tundu la kupumulia hawakumwachia!"

Kuanzia siku hiyo, kila mwezi alipanda gari la Njombe na mfuko wa mgongoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na betri mpya nne, mita ya kupimia, bisibisi na taa ya mezani. Taa ndiyo ilikuwa siri yake. Hakupima UPS kwa kompyuta ya mtu. Alichomeka taa, akachomoa waya wa ukutani, akatazama saa. Taa ikizimika kabla ya dakika tano, alisema, "Huyu tumuage kwa heshima." Alifungua, akachomoa waya mwekundu na mweusi, akaingiza betri mpya, na juu ya kila betri mpya aliandika kwa rangi nyekundu jina lake na tarehe. Wateja wake Njombe wakafika kumi na mmoja.

Na kila alipomaliza kazi alitoa agizo, kidole juu.

"Sasa mfunikeni. Baridi ya huku inaua betri. Nimekaa na betri Ipelele mimi, najua."

Ni kweli alikuwa anajua. Enzi za utingo, huko Ipelele ambako asubuhi maji ya kunawa unayavunja kwanza, walikuwa wanaichomoa betri ya lori, wanaipeleka nyumba ya wageni, wanaizungushia blanketi karibu na jiko. Waliofanya hivyo waliondoka saa kumi na mbili. Wasiofanya walisukuma.

Agizo hili likawaangukia akina mama wa Njombe, watu ambao hata bila kuagizwa hawawezi kukiona kitu cha thamani kiko uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, thamosi ina kitambaa. Mama Oktavia, mke wa Mzee Laurenti, ndiye aliyevuka mpaka. Aliifumia UPS sweta. Sweta kabisa, la sufu, rangi ya bluu, lenye vifungo vitatu mbele na matundu mawili ya nyaya. Majirani walipoliona, moto ukawaka. Hazikupita wiki sita, UPS za Njombe zilikuwa zimevaa vizuri kuliko watoto wa Makambako. Abdulatif aliporudi ziara iliyofuata, akaona kila nyumba aliyoingia kisanduku kimekaa kando ya jiko la mkaa, ndani ya sweta, machozi yalimlenga.

"Msomi," aliniambia, "hawa watu wana huruma."

Mimi nilicheka, sikupinga. Kitu kilichotakiwa kunifanya nipinge nadhani kilifundishwa mwaka wa tatu.

Taabu ilianza kwa Mzee Laurenti. Huyu alikuwa karani mstaafu na katibu wa halmashauri ya parokia, mtu anayepiga mstari chini ya tarehe kwa rula. Kompyuta yake ya nyumbani ndiyo iliyochapa ratiba za misa, orodha za michango na kadi za harusi. Betri ya kwanza ya Abdulatif ikamfia baada ya miezi sita. Ya pili, miezi mitano na nusu. Mwaka 2001, mwezi wa sita, ya tatu ikiwa na miezi mitano, akiwa anaandika taarifa ya mwaka, amefika ukurasa wa ishirini na tisa na hajahifadhi hata mmoja, umeme ukaondoka. UPS ikalia pii moja, kama kifaranga kilichokanyagwa, basi. Kurasa ishirini na tisa zikaenda kwa Muumba wao.

Jumapili hiyo alisimama kanisani kusoma matangazo. Tangazo la kwanza, jumuiya. La pili, usafi. La tatu akalisoma polepole: "Wenye kompyuta majumbani mnatahadharishwa. Yuko fundi, jina silitaji, anatoka Makambako, anavaa kofia, anawauzia betri zilizokwisha kutumika akizipaka rangi nyekundu juu. Mwenye masikio amesikia."

Njombe nzima kulikuwa na fundi mmoja wa betri wa Makambako mwenye kofia. Afadhali angemtaja.

Habari zilifika Lyamkena Jumatatu saa nne asubuhi na gari la viazi. Abdulatif alikuwa anaongeza maji kwenye betri ya lori. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumimina, maji yakajaa, yakafurika, yakashuka mpaka kwenye viatu vyake.

"Baba Issa, maji!" Tausi akamwita.

"Nimeyaona."

"Watu husema tu. Wiki ijayo watasema ya mwingine."

"Mama Issa, mimi mji huu sina shamba wala ukoo. Nina jina. Wakilichukua, mimi ni utingo aliyeachwa njia panda."

Tausi akamnyang'anya dumu la maji, akaenda kumtafutia viatu vikavu.

Siku tatu baadaye ukaja ujumbe wa Mzee Laurenti mwenyewe, umechapwa kwa mashine ya taipu kwa sababu kompyuta hakuiamini tena. Ulisema hivi: ikiwa fundi anajiona hana hatia, afike Jumamosi saa nne kamili, kisanduku kifunguliwe mbele ya mashahidi. Mstari chini ya "kamili" ulikuwa umepigwa kwa rula.

Tulikwenda wawili. Abdulatif alivaa kanzu ya Idi na juu yake koti la mitumba, maana Njombe mwezi wa saba kanzu peke yake ni kujiua. Nilibeba mita, naye mfuko wake wa betri mpya nne. Njia nzima hakusema kitu isipokuwa mara moja, tulipopita Kichiwa.

"Msomi, wewe uliziona nikizitoa kwenye boksi. Mpya?"

"Mpya, Fundi. Zilikuwa na nailoni yake."

"Haya."

Sebule ya Mzee Laurenti ilikuwa imepangwa kama baraza la usuluhishi. Mzee mwenyewe mezani na karatasi. Mama Oktavia kwenye kochi, mikono kifuani. Mashahidi watatu: Bibi Zita, jirani mjane, Mwalimu Gideoni, na Abel, mwalimu wa kwaya, aliyekaa karibu na mlango kama mtu ambaye hakutaka kuja. Wote watatu walikuwa wateja wa Abdulatif. Na katikati ya sebule, kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, mshtakiwa namba mbili: UPS ndani ya sweta la bluu, juu yake kipande cha blanketi.

"Kamwene, shehe," Mzee Laurenti akasalimia kwa Kibena. "Karibu. Umechelewa dakika sita."

"Kamwene, Katibu. Gari lilipata pancha."

"Yaandikwe. Pancha." Akaandika. "Tuanze. Naomba kila mtu atazame."

Akaenda mwenyewe ukutani akazima swichi kuu ya nyumba. UPS ikalia pii. Moja. Kompyuta ikafa. Mzee Laurenti akageuka na uso wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza amefurahia kuharibikiwa.

"Mmesikia wenyewe. Fundi, fungua."

Mama Oktavia alipiga magoti, akaanza kufungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, kwa upole, kama anamwandaa mtoto kwenda kliniki. Abdulatif akashika kisanduku ili akigeuze. Akakiachia.

"Kina moto!"

"Si uliagiza tukitunze?" Mama Oktavia akasema. "Asubuhi nabandika mkaa hapa kwa ajili yake kabla hata sijabandika chai ya baba yenu."

Nikagusa na mimi. Wallahi ungeweza kukaangia yai. Tukafungua skrubu nne, tukavuta betri, ikagoma kutoka. Ilikuwa imevimba pande zote kama tumbo la mtu aliyemaliza msimu mzima wa ulanzi, pombe ya mianzi. Ilibidi Mwalimu Gideoni ashike kisanduku, mimi nivute, Abdulatif aombe dua. Ilipotoka tuliona rangi nyekundu juu: jina lake na tarehe, miezi mitano na siku chache nyuma. Nikaweka mita. Badala ya volti kumi na mbili, sita.

"Betri ya miezi mitano!" Mzee Laurenti akasema. "Hata panya anaishi zaidi ya hapo. Bibi Zita, yako ilidumu muda gani?"

"Mitano."

"Gideoni?"

"Sita. Mke wangu aliifumia na kofia."

"Yaandikwe, na kofia. Abel?"

Abel akakohoa. Akatazama viatu vyake.

"Abel, nakuuliza wewe. Umebadilisha mara ngapi?"

"Mimi... sijabadilisha, Katibu."

"Hujabadilisha kwa kuwa umekata tamaa?"

"Hapana. Inafanya kazi."

Abdulatif akainua kichwa polepole.

"Mwalimu Abel," akasema, "betri yako ni yule niliyemweka wa kwanza kabisa? Mwaka juzi?"

"Yule yule. Na samahani sana, Fundi. Nilitaka kukuambia, nikaona aibu. Mimi yangu haijawahi kufunikwa. Stella wangu alikataa kabisa kufuma. Alisema akifuma sweta atavaa yeye."

"Inakaa wapi?"

"Nyumba imejaa watoto, kompyuta niliihamishia chumba cha viazi. Kisanduku kiko sakafuni, kwenye simenti, dirisha halina kioo. Kuna baridi mle, Fundi, hata panya wanapita wakiwa wamejikunyata. Juzi umeme ulikatika, kikanishikia dakika tisa."

Niliona kwa macho yangu jambo linamwingia mtu kichwani. Abdulatif aliitazama betri iliyovimba. Akalitazama jiko. Akalitazama sweta mapajani mwa Mama Oktavia. Midomo yake ikawa inahesabu kitu.

Mzee Laurenti alikuwa hajaelewa bado. Alikuwa karani, si mtu mbaya. Kitu kisichoingia kwenye safu alitafuta safu ya kukiweka. Akavua miwani, sauti ikalegea.

"Pengine, shehe, tusikuonee. Pengine hukuzipaka rangi ili kutudanganya. Pengine ulibahatika na moja nzuri, ile ya Abel, halafu hao wanaokuuzia huko Dar wakakuingizia mzigo mbovu na wewe ukaibiwa kama sisi. Kama ndivyo, sema. Nitaliandika hivyo, na Jumapili nitalisoma hivyo."

Vichwa vyote vikaafiki. Bibi Zita akasema, "Dar wezi sana." Mlango ulikuwa wazi, mpana, unapitisha hata lori. Nikamkanyaga Abdulatif mguu.

"Sema Dar," nikamnong'oneza. "Fundi, sema Dar, twende nyumbani."

Abdulatif alivua kofia.

"Katibu, wa Dar hawana kosa. Betri walikuwa wapya. Mimi ndiye niliyewaua."

"Umewauaje?"

"Kwa kuwapenda." Akaketi chini sakafuni kabisa, kanzu ya Idi na yote, karibu na kigoda. "Yule wa lori analala nje, gari limezimwa, hafanyi kazi, anaganda. Ndiyo maana tulimfunika usiku mmoja ili asubuhi apate nguvu ya kuwasha injini. Nikadhani na huyu ni yule yule. Kumbe huyu mchana kutwa anakula umeme wa ukutani, ana joto lake mwenyewe tumboni. Mimi nikamwongezea sweta. Nikamwongezea blanketi. Nikamsogezea na jiko. Nikamkausha akiwa hai, na huyu hana hata tundu la kumwongezea maji. Nyumba kumi na moja nimeagiza hivyo. Wa Abel amepona kwa sababu Abel hakunisikiliza."

Mama Oktavia akasimama, sweta mkononi.

"Wiki mbili!" akasema. "Wiki mbili nimefuma! Vifungo nimetoa kwenye koti la harusi la baba yenu!"

"Vifungo vya nini?" Mzee Laurenti akageuka.

"Hukuwa unalivaa."

Huo ukawa mjadala mwingine, na mashahidi wakautazama kwa hamu kubwa kuliko wa kwanza. Ulipopoa, Mzee Laurenti alirudi kwenye karatasi yake. Alikaa na kalamu hewani. Nilimwonea huruma, alikuwa ameandaa safu mbili, "ana hatia" na "hana hatia", na mtu amemjibu kwa zote mbili.

"Fundi," akasema mwisho, "nyumba zilizobaki zinajua?"

"Hazijui. Nakwenda sasa hivi."

"Huendi peke yako. Utaambiwa ulikwenda kuficha ushahidi." Akachukua koti na rula. "Twende."

Tukazunguka Njombe mchana ule, Abdulatif mbele, Katibu nyuma na karatasi, mimi na mita. Kila nyumba Abdulatif alisema maneno yale yale, bila kupunguza: nilikosea, niliagiza vibaya, mvueni, mwekeni mbali na moto, chini, penye hewa. Wengine walicheka. Mmoja alifoka mpaka paka akatoka nje. Kwa Bibi Zita, aliyetangulia kwenda kwake kwa njia ya mkato, tulikuta amesimama mbele ya UPS amekunja mikono.

"Mimi simvui. Mwezi wa saba huu!"

"Bibi, si ulikuwepo, umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Uliposema avae ulikuwa na uhakika hivi hivi. Mimi mkono wangu haumvui mtu nguo kwenye baridi hii. Mvue wewe, dhambi iwe yako."

"Na iwe yangu," Abdulatif akasema, akapiga magoti, akavua. Bibi Zita aligeukia ukutani mpaka kazi ikaisha.

Betri nne tulizokuja nazo alizigawa kwa walioumia zaidi, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Ya Mzee Laurenti aliiweka ya mwisho, akaiandika jina lake na tarehe kwa rangi nyekundu, mkono umetulia.

Jumapili sikuwepo kanisani, wala yeye, kwa sababu zinazojulikana. Lakini Jumatatu gari la viazi lilikuja na Stella, mke wa Abel, ambaye alikuwa anakwenda kumwona dada yake Lyamkena na alishuka makusudi bandani kwetu. Alikuwa amelikariri tangazo lote, akalisoma kwa sauti ya Katibu, mpaka ile ya kuvuta pua.

"Tangazo la tatu. Halmashauri inasahihisha. Fundi wa Makambako si mwizi. Ni mjinga, kama alivyokiri mwenyewe mbele ya mashahidi watatu. Wenye UPS mvue masweta leo hii. Mwenye swali aonane na Mwalimu Abel chumba cha viazi."

Abdulatif aliomba arudie. Stella akarudia.

"Si mwizi, amesema hivyo hivyo? Kanisa zima?"

"Mpaka nje, Fundi. Kulikuwa na spika."

Abdulatif akavaa kofia vizuri, akavuka barabara kwenda kwa Methusela, mchora mabango, aliyekuwa anamchora simba kwenye ubavu wa basi. Miaka yote hiyo banda lake halikuwa na kibao. Sasa akataka kibao. Nikamfuata, maana Methusela ukimwacha peke yake anachora simba hata kwenye duka la dawa.

"Niandike nini?" Methusela akauliza.

"Fundi Abdulatif. Betri za magari na UPS. Si mwizi."

"Fundi!" nikasema. "Nikiona kibao kinasema mwenye duka si mwizi, hata mimi jirani yako nitashika mfuko wangu!"

"Imesemwa kanisani, Msomi. Kwenye spika."

"Kama ni ya kanisani andika yote, basi. Andika na mjinga."

Methusela akashusha brashi, anatusubiri, rangi inamdondokea kwenye kandambili. Abdulatif, kidevu mkononi, akakipima kwa macho kipande cha bati cha kibao chenyewe.

"Nafasi haitoshi," akasema. "Andika 'si mwizi'. Hilo lingine mteja atakutana nalo ndani."